Kuhesabu kwa Magunia

Mtaa wetu huitwa Hewa Bora, katika komini ya Kampemba, mji wa Lubumbashi. Wageni wakisikia jina hilo hufikiri habari za ndege, kwa kuwa kampuni ya ndege yenye jina hilo hilo iliruka katika nchi yetu mpaka mwaka 2011. Sisi hatuna ndege. Tuna kinu cha mashine cha kusagia mahindi, na kando yake chumba kimoja kilichokuwa duka. Na hewa yenyewe, mwezi wa Septemba, ni vumbi tupu. Ukifagia mbele ya kinu asubuhi, hujui kama umefagia unga ama udongo mwekundu.

Twaandika "sisi" kwa sababu tu wawili, mume na mke, na katika mambo haya hakuna aliyekuwa na akili peke yake, wala hakuna aliyekosa peke yake. Jumapili moja, tulipotoka Misa, jirani alitushika mkono akatuuliza: "Ninyi mlijuaje kwamba saa imefika ya kuigeuza biashara yenu? Maana yangu naona inakwenda, lakini haikui." Pale mlangoni tulimjibu upuuzi. Tulisema, "Utajua tu." Si kweli. Mtu hajui tu. Kwa hiyo twajaribu kumjibu tena hapa, polepole.

Tulianza mwaka 2009 kwa meza ya mbao na meka moja. Msomaji wa mbali asiyejua meka, ni kile kipimo cha bati tunachopimia unga hapa kwetu. Mama anayepika bukari hanunui kilo, ananunua meka. Mmoja wetu aliuza, mwenzake alipakia matofali kwa malipo ya siku. Mwaka 2012 mzee mmoja wa mtaani alichoka na kinu chake, akatuuzia kwa bei ya kulipa kidogo kidogo. Kinu kilikuwa kikuukuu lakini kizuri. Ndani ya kinu cha namna hii kuna nyundo ndogo za chuma zinazozunguka na kuponda punje mpaka zipite katika chekecheo. Mzee alitufundisha jambo ambalo wenye vinu wengi hawalijui: nyundo inalika pembe moja tu, nayo ina pembe nne, basi ikilika upande huu waigeuza upande ule. Wengi hutupa nyundo yenye pembe tatu nzima. Tulicheka sana tuliposikia hayo, wala hatukujua kwamba sisi wenyewe tutakuja kufanya vivyo hivyo na biashara yote.

Kinu kikaleta watu, watu wakaleta maneno. "Mbona hamuuzi sabuni?" Tukauza sabuni. "Mbona hamna sukari?" Tukaleta sukari, na mafuta, na chumvi, na vocha za simu, na mishumaa kwa ajili ya siku za giza, na maji baridi katika vifuko. Mwaka 2014 tukanunua pia viti 100 vya plastiki vya kukodisha kwa matanga na arusi. Kila kitu kilikuja na sababu yake nzuri. Tukamwita mwipwa wetu, mtoto wa dada mkubwa, akae dukani. Watu waliotupita njiani walisema, "Wale wamekua." Nasi tuliona hivyo hivyo. Rafu zilijaa, sanduku la fedha lilikuwa na noti, watoto walikwenda shule.

Lakini kulikuwa na jambo dogo lililotusumbua, kama jiwe katika kiatu. Kila tulipokwenda Kasumbalesa, kule mpakani na Zambia, mwendo wa kilometa 90 hivi, tulirudi na mahindi machache kuliko safari ya kabla. Fedha mkononi zilikuwa nyingi kuliko mwanzo. Mahindi yalikuwa machache. Tulisema, "Ni bei ya msimu." Safari iliyofuata tulisema, "Ni barabara, ni askari, ni ushuru." Na kweli vyote hivyo vipo. Mtu akitafuta sababu nje ya nyumba yake, katika mji wetu hatazikosa kamwe.

Sababu kubwa ilikuwa hii. Mwaka 2015 dola moja ilibadilishwa kwa faranga za Kongo 920 na kitu. Mwisho wa mwaka 2017 ilikuwa karibu 1,600. Mahindi hununuliwa kwa dola au kwa kwacha ya Zambia. Sisi tuliuza unga kwa faranga, na mara nyingi kwa deni, mpaka mwisho wa mwezi. Mama achukuapo meka tano leo na kulipa baada ya siku thelathini, huleta faranga zile zile, kamili, bila kukosa hata moja, naye ni mwaminifu. Lakini faranga zile si zile tena. Tulipata faida katika daftari na hasara katika ghala. Hatukudhulumiwa na mtu yeyote, nasi tulipungukiwa.

Usiku mmoja wa Desemba 2017 umeme ulikuwa umekatika, tulikaa na mshumaa wa dukani (ambao, tukumbuke, hatukuulipa). Mmoja wetu akasema: "Tusihesabu faranga. Tuhesabu magunia." Yaani kila kitu tulicho nacho, fedha, bidhaa, madeni ya watu, tukigeuze kwa bei ya leo kuwa magunia ya mahindi ya kilo 50. Kisha tukatafuta hesabu za Desemba 2015 katika karatasi za zamani, tukazigeuza vile vile kwa bei ya siku zile. Mwaka 2015 tulikuwa na magunia 180. Usiku ule wa 2017 yalikuwa 71. Na ndani ya hayo 71, zaidi ya 20 yalikuwa maneno tu, madeni ambayo hatungelipwa.

Tulikaa kimya. Mtoto alikohoa katika chumba cha pili. Tulikuwa tumefanya kazi miaka miwili, tangu alfajiri mpaka usiku, ili kula magunia 109 ya mtaji wetu, nasi tulidhani tunakula faida.

Wazee wa mji huu hawangeshangaa. Wao waliona jambo hilo kwa ukubwa wake tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alipotangaza kwamba biashara za wageni zitapewa wazalendo. Maduka mengi ya Wagiriki, ya Wareno na ya wengine yalikabidhiwa watu ambao hawakupata kununua bidhaa hata siku moja. Waliingia wakakuta rafu zimejaa, wakauza, wakala fedha, na rafu zilipokwisha hawakujua zilijazwaje. Baadaye serikali ilibidi irudi nyuma na kuwarudishia baadhi ya wenyewe. Sisi tuliwacheka watu hao tangu utoto. Na wengine wetu tuliyaona mambo ya Gécamines: kampuni iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, mwaka 2003 haikufika hata tani 30,000, na mwaka huo ndipo wafanyakazi wapatao 10,000 walipoondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Hapa mtaani twawajua wababa waliofungua duka kwa fedha zile za kuagwa. Duka moja likafunguliwa karibu na jingine, yote yakiuza sabuni ile ile. Kampuni kubwa kama ile ilikuwa na wahasibu ghorofa nzima, tena haikugeuka mapema. Basi sisi wa meka tungejidaije?

Hapa tumjibu jirani yetu sehemu ya kwanza ya swali lake. Wengi hufikiri saa ya kugeuza biashara ni pale inapoanguka. Siku hiyo umechelewa, kwa maana kugeuza nako kunataka mtaji. Tulikuwa na magunia kama 50 ya kweli. Kama tungengoja Desemba nyingine tungekuwa na 20 au sifuri, na mtu mwenye sifuri hageuzi kitu. Anakwenda kwa mkopeshaji wa mtaani anayetoa 100 leo na kudai 150 mwisho wa mwezi. Saa yenyewe ni ile ambayo kazi inaongezeka na magunia hayaongezeki. Ni saa mbaya, kwa sababu kwa macho ya watu mambo yako ni mazuri, na kila unayemwambia atakuona una wazimu.

Tulifanya jambo moja kabla ya yote, na kama tungeambiwa tuchague moja tu tungechagua hilo. Kwa siku 60, tangu Januari 2018, tuliandika kila kitu. Si mauzo tu. Sukari aliyochukua mtoto, unga aliopewa shangazi, kifuko cha maji alichokunywa mmoja wetu wakati wa jua. Daftari mbili: moja ya kinu, moja ya duka. Na ya nyumba ikawa ya tatu, maana tulijipangia posho sisi wenyewe kama vibarua, kila Jumamosi, na posho ikiisha Alhamisi twala mboga bila mafuta. Wiki ya kwanza tuligombana kila siku. Mmoja wetu alidhani mwenzake anampeleleza.

Baadaye tulikuja kujua kwamba hata sheria inataka hivyo. Sheria za biashara za OHADA, ambazo nchi yetu iliingia mwaka 2012, zina hali ya mfanyabiashara mdogo anayejitangaza tu, bila kuandikishwa katika daftari kuu la biashara. Nayo humtaka aandike siku kwa siku fedha zilizoingia zimetoka wapi na zilizotoka zimekwenda wapi, akitenga zile za mkononi na zile za njia nyingine, kisha alitunze daftari hilo miaka 5. Watu huona neno sheria wakafikiri kodi. Lakini kanuni ile ingeandikwa na mama mwenye busara angeiandika hivyo hivyo.

Siku 60 zilipokwisha, daftari zilisema wazi. Kinu kilikuwa kinalisha kila mtu. Vocha za simu zilileta faida kama ya punje, nazo zilishika fedha nyingi. Mafuta na sukari tulikula wenyewe zaidi kuliko tulivyouza. Viti vilikodishwa mara mbili, na jamaa zetu waliviazima mara tisa. Duka zima, baada ya kutoa mshahara wa kijana, lilikuwa linapoteza karibu gunia moja na nusu kila mwezi.

Basi kugeuza maana yake ilikuwa kufunga duka. Na kufunga duka maana yake ilikuwa kumwondoa mwipwa wetu.

Hapa hatutasema maneno mengi, lakini hatuwezi kuruka. Kijana hakuiba. Watu walisema kwamba aliiba, nasi, kwa aibu yetu, mwanzoni hatukuwakataza kusema, kwa sababu maneno hayo yalitupa sababu nyepesi. Daftari zilimsafisha: fedha za duka zilikwenda mle mle tulimozipeleka sisi. Tulimweleza, tukampa mishahara ya miezi mitatu, na viti vyote 100, avikodishe kwa faida yake mwenyewe. Tulidhani tumefanya vizuri. Dada yetu alikuja jioni ile, akasimama uani, hakukaa. Alisema: "Yaya yenu nimewalea, leo mmemtupa mtoto wangu kwa ajili ya mahindi." Tulimwonyesha daftari. Ndugu msomaji, usimwonyeshe mtu anayelia daftari. Akaondoka, na kwa muda wa miaka miwili hakukanyaga kwetu.

Fedha za duka tulizitoa zote mpaka sarafu ya mwisho, tukangoja. Kungoja ndiko kulikokuwa kugumu. Februari na Machi bei ya mahindi iko juu, kila mtu anakimbia kununua; mvua inapokwisha na mavuno kuingia, tangu Aprili na Mei, bei hushuka. Siku zote tulikuwa tukinunua magunia kumi kumi mwaka mzima, ya ghali na ya rahisi pamoja, kwa sababu fedha zetu zilikuwa zimelala katika sabuni. Mwaka ule 2018, mwezi wa Juni, tulinunua kwa mara moja, kwa wakulima wa upande wetu na wa mpakani, na chumba cha duka kikawa ghala.

Ghala nalo lina adui zake, hasa unyevu na fukusi. Kwa unyevu tuliletewa hila ya chupa: twaa chupa kavu, tia chumvi kavu na punje za mahindi, tikisa, ngoja kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi ni mabichi bado, usiyanunue au uyaanike, maana yataota ukungu, na ukungu wa mahindi una sumu isiyoondoka kwa kupika. Kwa fukusi tulitumia mifuko ya tabaka tatu, miwili ya plastiki ndani ya gunia la nje. Iligunduliwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani kwa ajili ya kunde za Kamerun, katika miaka ya 1980. Ukifunga vizuri hewa haiingii, na fukusi waliomo hufa kwa kukosa pumzi, bila dawa yoyote. Ina bei, lakini hutumika tena kama haikutobolewa. Panya hutoboa. Tukapata paka.

Na deni tukalikata. Hilo liliumiza zaidi kuliko tulivyotazamia, maana tulipoteza wateja karibu theluthi mwezi wa kwanza. Wengi walirudi kwa kuwa tulipunguza bei ya kusaga kwa wanaolipa papo hapo, hata kwa simu. Wachache hawakurudi, nao hutuamkia kwa baridi mpaka leo.

Tusijisifu. Mwaka 2019 mashine ya umeme iliungua kwa sababu ya umeme dhaifu wa usiku, nasi ndio tuliokuwa wakaidi. Tuliambiwa tuweke kifaa cha kuizima umeme unaposhuka, tukaona ghali. Kuisuka upya nyaya zake kulikula magunia 14. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipotajwa, mji wetu ulifungiwa majumbani siku mbili, na bei ya unga ikaruka kabla hata watu hawajatoka. Tulikuwa na akiba iliyobaki ghalani. Hapo tulibishana tena usiku kucha: mmoja wetu alitaka tuuze kwa bei ya siku, kwani hesabu ni hesabu, mwenzake alisema wale wanaonunua ni wale wale wa meka. Tukapandisha nusu ya walivyopandisha wengine. Mpaka leo hatujakubaliana kama tulifanya sawa, na kila mmoja wetu ana sababu zake.

Mwaka 2024 ndio uliotupima kweli. Mvua ilikataa, na tarehe 29 Februari Zambia ikatangaza ukame kuwa janga la taifa. Mji unaokula kwa kutazama mpakani ukaanza kutetemeka, na dola siku hizo ilikuwa imepita faranga 2,800. Mwaka huo hatukukua hata kidogo. Tulimaliza na magunia 163 tulipokuwa tumeanza na 190. Lakini tulijua kwamba ni 163. Tulijua mwezi wa Mei, si Desemba, tukapunguza posho yetu mapema, tukaahirisha kununua mashine ya kukoboa.

Mashine hiyo ya kukoboa ndiyo hatua yetu ya mbele, kama mavuno yakikubali. Wanawake wengi wa mtaani hupenda unga mweupe uliokobolewa, nao huupeleka mahindi mbali ili yakobolewe, kisha huyarudisha kwetu kusagwa. Pumba zinazobaki wafugaji wa kuku huzinunua. Tumeiandika hesabu yake mara nne. Inatosha, lakini inatosha kwa shida. Tukiinunua mwaka huu tutabaki na ghala nyembamba msimu wa bei za juu. Jirani yetu wa Jumapili anatuambia tununue, watu wataona tumekua. Tumemwuliza yeye ana magunia mangapi. Alicheka, akasema yeye anauza nguo za mitumba. Tukamwambia basi ahesabu kwa marobota. Juma lililopita alikuja na karatasi, uso wake haukuwa na kicheko, akataka kukaa nasi usiku. Tulikaa mpaka saa sita. Yake ni mabaya kidogo kuliko yetu ya 2017, ila bado ana marobota 9.

Mwipwa wetu ana viti 400 sasa, na mahema mawili, na mkokoteni wa kuvipeleka. Alikuja mwaka jana kutuuliza habari za daftari, akachora mistari kama yetu. Hakusema lolote juu ya siku ile, nasi tulijaribu kusema, akatukatiza kwa kuuliza bei ya matairi.

Dada bado hajala mezani petu. Lakini tangu 2020 huleta mahindi yake kusagwa kwetu, ingawa kipo kinu kingine karibu na kwake. Huweka beseni chini, hulipa papo hapo kama kila mtu, kisha husimama akihesabu chenji mbele yetu, faranga kwa faranga.